Arobaini Ni Deni la Nani? Mama Mzazi, Kazi na Pumziko Katika Historia Yetu



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika darsa za akina mama tunazosomesha hapa Nyamirambo kuna swali ambalo hurudi kila baada ya miezi michache, na mara nyingi huletwa kwa sauti ya chini wakati wenzake wanavaa viatu. Dada amejifungua, yuko wiki ya pili au ya tatu, na nyumbani anaambiwa amekuwa mvivu. Au likizo inakwisha, kazini wanamngoja, mtoto anataka ziwa kila baada ya saa mbili, na mume anamkumbusha kwamba wake wa masahaba walizaa, wakasaga nafaka na wakatoka kwenye jihadi bila kulalamika. Wapo pia wanaosema arobaini ni mila ya watu wa pwani tu, haina asili. Tumeona toleo hili tuisome historia yenyewe, maana wengi wanaitaja na wachache wanaifikisha mwisho.

Ukiifikisha mwisho unakuta jambo moja linajirudia karne baada ya karne: pumziko la mama mzazi lilihesabiwa kuwa deni, na mdaiwa alikuwa mtu mwingine. Mara ni mume, mara baba yake mzazi, mara majirani, mara Baitul Mali. Pale deni lilipokosa wa kulilipa, mama na mtoto waliumia. Na pale lilipobebeshwa mtu asiyeweza kukataa, ilizaliwa dhuluma nyingine. Tutayasema yote mawili inshaallah.

Tuanze na Bibi Maryam (a.s.). Katika Sura ya 19 tunasoma kwamba uchungu ulimfikia akiwa peke yake kwenye shina la mtende, akafika mahali pa kutamani mauti. Maagizo aliyopewa baada ya hapo ni machache: asihuzunike, kuna kijito cha maji chini yake, atikise shina zimdondokee tende mbivu, ale, anywe, jicho lake litulie. Kisha akaambiwa akimwona mtu yeyote asizungumze naye siku ile. Wahubiri wetu hupenda kulisimamia lile neno la kutikisa shina, kwamba hata mzazi afanye kazi. Sawa, tunakubali. Lakini wasiruke yaliyobaki: chakula, maji, utulivu wa moyo, na kuondolewa mzigo wa kujibu maneno ya watu. Na mzazi wetu wa leo siku ya tatu ana wageni kumi na wawili sebuleni wanaongoja soda.

Kabla ya Uislamu Makka ilikuwa na utaratibu wake. Watu wenye uwezo waliwapeleka watoto kwa wanyonyeshaji wa majangwani, na malipo yakitarajiwa kutoka kwa baba wa mtoto. Ndiyo maana wanyonyeshaji walimkwepa Mtume wetu (s.a.w.): alikuwa yatima, nani angelipa? Tunamsimulia Bibi Halima wa Bani Saad kama mtu mwenye bahati, na hakika alikuwa na bahati, lakini tukumbuke alikuwa nani siku ile. Alikuwa mama mwenye mtoto mchanga wa kwake, katika mwaka wa ukame, aliyesafiri kutafuta kazi ya ujira juu ya punda dhaifu, na mtoto wake akilia usiku kucha kwa sababu maziwa hayakutosha. Mumewe, Harith, alikuwa pamoja naye njiani. Baada ya kumchukua yatima yule, usiku ule ule Harith ndiye aliyeinuka kumwendea ngamia jike wao mzee, akakuta kiwele kimejaa, akakamua, akanywa na mkewe akanywa mpaka wakashiba. Baraka ilishuka, na mume ndiye aliyeikamua.

Asmaa na kokwa za tende

Sasa tuje kwa wake wa masahaba wanaotajwa sana. Mfano bora tunaoujua ni wa Bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.). Huyu alihama kutoka Makka kwenda Madina akiwa na mimba, akafika Quba, akajifungua hapo. Mtoto aliitwa Abdullah, mwana wa Zubair bin Awwam, na ndiye mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa baada ya Hijra. Alipelekwa kwa Mtume (s.a.w.), akatafuna tende na kumtilia kinywani, akamwombea baraka. Waislamu walifurahi sana, kwa sababu ilikuwa imeenezwa habari kwamba wamerogwa na hawatazaa tena.

Mambo ya nyumbani ameyaeleza mwenyewe, na hadithi imo katika Sahih Bukhari kwa njia ya mwanawe Urwa, yaani mtoto amepokea kwa mama yake taabu za mama yake. Anasema Zubair alipomwoa hakuwa na mali wala mtumwa, alikuwa na farasi na ngamia wa kuteka maji tu. Bibi Asmaa ndiye aliyemlisha farasi, aliyeteka maji, aliyeshona ndoo ya ngozi ilipochanika, aliyekanda unga. Kuoka mkate hakukuwa fani yake, anakiri hivyo bila haya, na majirani zake wanawake wa Kiansari ndio waliomwokea. Amewasifu kwamba walikuwa wanawake wa kweli. Tena alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la Zubair, umbali wa theluthi mbili za farsakhi, ambao kwa vipimo vyetu ni zaidi ya kilomita tatu na nusu. Abdullah wakati huo alikuwa bado mtoto mdogo.

Siku moja akiwa na mzigo kichwani alikutana na Mtume (s.a.w.) akiwa na kundi la Ansari. Mtume alimwita na kumpigisha magoti ngamia ili ampakie nyuma yake. Bibi Asmaa aliona haya kwenda na wanaume, na akaukumbuka wivu wa mumewe. Mtume alielewa, akaenda zake. Alipofika nyumbani alimweleza Zubair, na jibu la Zubair lilikuwa kwamba kumwona akibeba kokwa zile kulimuuma zaidi kuliko kama angepanda pamoja na Mtume. Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu, na somo linakuwa haya na uvumilivu wa mke.

Lakini hadithi ina sentensi moja zaidi. Bibi Asmaa anasema kwamba baadaye baba yake, Abubakar (r.a.), alimpelekea mtumishi wa kumshughulikia farasi, na ikawa kana kwamba amemwacha huru.

Tafadhali irudie sentensi hiyo. Binti wa Abubakar, mwanamke shujaa aliyewapelekea chakula Mtume na baba yake wakati wa Hijra, anasema alijiona kama mateka aliyefunguliwa kwa kuondolewa kazi moja tu ya farasi. Hakujiona mwenye imani pungufu kwa kuchoka. Na wahesabu waliomsaidia: majirani kwa mkate, Mtume kwa kusimamisha ngamia, mwisho baba kwa mtumishi. Zubair, Allah amridhie, aliumia moyoni. Sisi tunaosoma leo tunaweza kuongeza kwamba maumivu ya moyoni hayabebi kokwa.

Ya Bibi Fatima (r.a.) yanajulikana zaidi. Jiwe la kusagia lilimwachia alama mikononi, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi, hakumkuta, akaacha maneno kwa Bibi Aisha. Usiku Mtume (s.a.w.) akawafuata nyumbani wakiwa wamekwisha lala, akaketi kati yao mpaka Ali (r.a.) akasikia ubaridi wa miguu yake kifuani, akawafundisha kusema Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34 wakati wa kulala. Hadithi hii imefanywa jiwe la kuwafungia wanawake midomo: omba msaada, upewe tasbihi. Tunasema hivi. Kwanza, katika riwaya ya Imamu Ahmad imeelezwa sababu ya kutopewa mtumishi: Ahlu Suffa walikuwa na njaa, na Mtume hakuweza kuwapa watu wake akawaacha wale. Pili, dhikri zile walifundishwa wote wawili, mume na mke. Tatu, hakuna mahali alipomkemea binti yake kwa kuomba. Alikwenda mwenyewe usiku mpaka kwake. Na ni Mtume huyo huyo ambaye Bibi Aisha, alipoulizwa anafanya nini akiwa nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na swala ikifika hutoka. Mume anayetaka mkewe awe Fatima aanze na kushona viatu vyake mwenyewe.

Arobaini ya fiqhi na arobaini ya mwili

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo mitaani kwetu yamechanganywa. Bibi Ummu Salama (r.a.) amesimulia kwamba wanawake wenye nifasi zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakikaa siku 40. Hanafi na Hanbali wameifanya 40 kuwa kikomo cha juu. Kwa Shafi na Maliki kikomo ni 60, na Shafi wanasema 40 ndiyo ya kawaida. Kiwango cha chini hakuna. Kwa hiyo dada aliyetwaharika siku ya kumi na tano ataoga na kuswali, asingoje arobaini. Hii ni hukumu ya damu na ibada. Swala zilizompita hazilipi kabisa. Saumu atailipa, na akiwa ananyonyesha na anamhofia mtoto au nafsi yake, ana ruhusa ya kuahirisha.

Mwili ni habari nyingine. Kutwaharika siku ya kumi na tano hakuna maana kwamba siku ya kumi na sita arudi kwenye debe la maji. Sura ya 2, aya ya 233, imeweka miaka miwili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuikamilisha, na papo hapo ikaweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama huyo kwa wema, ikakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na ikataka kuachisha ziwa kuwe kwa maridhiano na mashauriano ya wote wawili. Sura ya 65 imekwenda mbali zaidi kwa aliyeachwa: akimnyonyesha mtoto, alipwe ujira wake. Mwenye kusema kunyonyesha si kazi ana maneno na Qur'ani.

Wanavyuoni waliyajenga juu ya hapo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameandika katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha vizazi kwa vizazi, kwamba mama ni wajibu amnyonyeshe mtoto maziwa ya mwanzo kabisa, yaani dang'a. Baada ya hapo, akipatikana mnyonyeshaji mwingine, mama halazimishwi. Fikirini jinsi familia nyingi zilivyokuwa zikiyamwaga maziwa hayo ya njano kwa kudhani ni uchafu, na hukumu imekaa kitabuni zaidi ya miaka 700. Wakunga na madaktari wa leo wanayasisitiza kwa sababu yanamkinga mtoto na maradhi. Na wanavyuoni hao hao wameandika kwamba mke akihitaji kuhudumiwa kwa sababu ya maradhi, ni juu ya mume kumpatia wa kumhudumia.

Maradhi yenyewe si ya kidonda tu. Tunaletewa akina dada wanaolia bila sababu, hawalali hata mtoto akilala, hawamtazami mtoto, na mume anataka tumsomee ruqya kwa sababu ni jini. Tunasoma, Qur'ani ni shifaa. Tukimaliza tunamwambia mume ampeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu huzuni kubwa ya baada ya kuzaa ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika, na ukiachwa unaweza kuua. Na tunamuuliza: usiku mtoto akiamka, nani anambeba baada ya kunyonya?

Daftari la Umar

Kisa ambacho tungependa kila mwenye madaraka akijue kimesimuliwa na Ibn Saad katika Tabaqat. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa ameweka diwani, daftari la kuwagawia Waislamu posho kutoka Baitul Mali, mwaka 20 Hijria (641) kwa riwaya iliyo mashuhuri. Mtoto aliandikiwa posho akishaachishwa ziwa. Utaratibu ulionekana mzuri na wa kiuchumi: anayenyonya hali chakula, ya nini kumgawia?

Usiku mmoja wafanyabiashara walifika Madina wakapiga kambi kwenye uwanja wa swala, na Umar na Abdurrahman bin Auf wakaenda kuwalinda. Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amche Allah na amtendee mwanawe wema. Akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Mwisho wa usiku kilio kikazidi, na Umar akamwambia mwanamke yule kwamba ni mama mbaya. Mama, asiyejua anazungumza na nani, akajibu kwamba amemchosha usiku ule. Yeye anajaribu kumwachisha ziwa na mtoto anakataa. Kwa nini? Kwa sababu Umar hamgawii ila aliyeachishwa. Ana umri gani? Miezi kadhaa tu. Umar akamwambia asimharakishe.

Alfajiri ile aliswalisha watu na kisomo chake hakikusikika vizuri kwa kulia. Alipotoa salamu alijilaumu mbele ya watu: ni watoto wangapi wa Waislamu wamekufa kwa ajili yake? Akaamuru mnadi atangaze watu wasiwaharakishe watoto kuacha ziwa, kwani kila anayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa posho. Akaandika hivyo katika miji yote. Kiwango kilichopokewa ni dirham 100 kwa mtoto mchanga, na akikua zinafika 200.

Tazameni mwendo wa kisa. Amirul Muuminina alianza kwa kumlaumu mama, mara tatu. Mama alikuwa akifanya kile ambacho daftari lilimsukuma kukifanya. Kila tunapomwona mama anayempa mtoto wa miezi miwili uji mwepesi ili yeye arudi sokoni, tuna hiari: kusema mama mbaya, au kulitazama daftari.

Pwani, watumwa na bara

Huku kwetu, arobaini ya Waswahili ilikuwa shule kamili. Mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa kanga, akapewa uji wa pilipili manga na supu, mkunga na somo wake wakiwa karibu, na siku ya saba mtoto akafanyiwa akika. Desturi hii ilisafiri na misafara mpaka Tabora, Ujiji na Kasongo, na baadaye ikafika katika mitaa ya Waswahili kama Buyenzi kule Bujumbura na Biryogo yetu hapa Kigali. Haikukuta watu wasio na desturi. Wanyarwanda walikuwa na ikiriri, mama akikaa ndani mpaka siku ya nane mtoto anapopewa jina. Waganda wana jina maalumu la mzazi, nakawere, na Waswahili wa Kivu wanamwita muzazi, na kote huko kwenda kumwona mikono mitupu ni aibu.

Lakini tusijidanganye juu ya siku hizo. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, ana sura nzima juu ya kuzaliwa na kulelewa kwa watoto wa jumba la Sultani, na nyumba anayoieleza imejaa watumwa. Pumziko la bibi mkubwa lilikaa juu ya mgongo wa mwanamke mwingine, na yule mwingine naye alizaa. Nani alimkanda yeye? Sheria ilimpa ummu walad, kijakazi aliyemzalia bwana wake, haki ya kutouzwa na kuwa huru bwana akifa, na hiyo ni haki kubwa, haikumpa arobaini. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897, na masuria hawakuingizwa humo mpaka 1909. Tunalisema hili kwa sababu lina mjukuu wake. Msichana wa kazi wa miaka kumi na mitano anayeamka usiku na mtoto wa bosi, halafu afue na apike, na mshahara wake ucheleweshwe, ndiye anayeibeba arobaini ya nyumba nyingi za mjini leo, zetu Waislamu zikiwemo.

Kisha ukaja ukoloni na daftari jipya. Katika Kongo ya Wabelgiji, kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Miaka hiyo hiyo ilichukua pia vijana kutoka Rwanda na Burundi. Wakubwa wa serikali na makampuni walikuwa na hofu kwamba watu wanapungua na wafanyakazi hawatatosha, na moja ya mambo waliyoyalaumu ni desturi ya mama kunyonyesha miaka miwili au mitatu na kupumzika kabla ya mimba nyingine. Ikahimizwa kuachisha ziwa mapema na kumpa mtoto vyakula na maziwa mengine, ili mama ashike mimba tena. Hatukatai kwamba kliniki zile ziliokoa roho nyingi, na mkunga aliyesoma ni neema. Ila weka madaftari mawili pamoja. Umar alipogundua kwamba posho yake inawaharakisha mama kuachisha, alilia na kuibadilisha. Kampuni ilitaka kuharakisha.

Ulaya kwenyewe mama wa kiwandani hakuwa na hali nzuri. Ni mwaka 1919 ambapo mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Washington, ulipitisha mkataba wa likizo ya uzazi: wiki 6 kabla ya kujifungua na 6 baada, pamoja na nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha kazini. Ulihusu viwanda na biashara. Mwanamke wa shamba hakuwemo. Mkataba wa mwaka 2000 ulipandisha hadi wiki 14. Nchi zetu zilifuata kwa mwendo tofauti. Tanzania mwaka 2004 iliandika siku 84, na 100 kwa mapacha. Uganda mwaka 2006 siku 60 za kazi, na baba siku 4. Kenya mwaka 2007 miezi mitatu, na baba wiki mbili.

Ya Rwanda ndiyo tunayoijua kwa karibu. Sheria ya mwaka 2009 ilimpa mama wiki 12, lakini wiki 6 za mwisho akizichukua alilipwa asilimia 20 tu ya mshahara. Matokeo kila mtu aliyaona: mama alirudi kazini katika wiki ya saba, maziwa yakilowesha nguo, mtoto akiachiwa jirani na chupa. Alifanya alichosukumwa na daftari. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya mfuko wa uzazi, ambapo mfanyakazi anachangia asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiri 0.3, na mfuko ukalipa wiki zile 6 zilizobaki. Mwaka 2023 likizo ikafika wiki 14. Wanaume wanachangia, wazee wanachangia, na wasio na watoto wanachangia. Wapo ndugu waliotuuliza kama ni halali wakatwe kwa ajili ya mke wa mwingine. Tuliwasomea kisa cha Umar, na tukawauliza zile dirham 100 zilitoka kwa nani.

Hata hivyo mfuko huo ni wa mwenye mkataba wa kazi. Dada anayeuza nyanya Nyabugogo, anayeshona kwa cherehani barazani au anayekaanga sambusa za Ramadhani, hana mwajiri wa kumwandikia wiki 14. Siku asipotoka hakuna kipato, na wateja wake huchukuliwa na mwingine. Huyu amebaki na watu aliokuwa nao Bibi Asmaa: mume, wazazi na majirani. Katika baadhi ya mitaa bado wapo majirani wanaopeana zamu, huyu uji, huyu nguo za mtoto, huyu anakaa kwenye meza ya biashara mpaka saa sita. Mwanamume aliyesimama kwenye meza ya nyanya ya mkewe tumemwona, na tumesikia wenzake wakimcheka.

Kwa ajili hiyo darsa ya baada ya Isha wiki hii itakuwa ya akina baba, na walioposa na bado hawajaoa wanakaribishwa. Tutaisoma hadithi ya Bibi Asmaa kutoka mwanzo, na safari hii tutaifikisha mpaka kwenye farasi. Akina mama hawahitaji kuja; watoto wabaki na baba zao kwa muda huo haiwezekani, maana baba watakuwa darsani, basi tumewaomba vijana wakubwa wa madrasa waje kuwashika wadogo uani ili mama zao walale.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum.